Onyo la homa ya mbu lije na ukame, si na mvua pekee

Kwa Mhariri,

Mimi ni mshona kofia wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Sindano nimeishika tangu nina miaka tisa, na kwa kofia hizo nimesaidia kusomesha watoto watano. Naandika kwa sababu ya karatasi niliyoiona mwezi uliopita kwenye ubao wa ofisi moja ya umma, na kwa sababu ya pipa langu mwenyewe.

Karatasi ile ilikuwa tangazo la afya. Juu ilikuwa na nembo ya serikali, katikati picha ya mbu, na chini maneno mengi ya Kiingereza. Nilimwomba kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni anisomee. Akasema linaonya juu ya chikungunya, homa inayoletwa na mbu: mvua zikianza, watu wafukie madimbwi na wafyeke nyasi. Nikamuuliza, "Halisemi kitu juu ya mapipa ya nyumbani?" Akalisoma tena kutoka juu hadi chini. "Hapana, mamangu. Ni mvua tu."

Nilirudi nyumbani na uchungu moyoni. Homa hiyo ilipotuangusha hapa kisiwani mwaka 2004, mvua hatukuwa nayo. Tulikuwa na ukame.

Nataka kuyasimulia ya mwaka ule, maana vijana wengi unaowaona leo barazani walikuwa hawajazaliwa, na wakubwa wao wamekwisha kusahau. Masika yalikuja hafifu mno. Amu haina mto. Maji yetu hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga ambako mvua hujichuja polepole ikazama; mchanga ukikosa mvua, bomba la mjini nalo hulegea. Kwetu Langoni maji yalikuwa yakija kwa zamu, usiku wa manane, saa moja au mbili, kisha siku tatu kimya. Mtaa mzima ulikesha ukingoja bomba likohoe. Likikohoa, tulijaza kila kinachoshika maji: mapipa, mitungi ya lita 20, sufuria za arusi, ndoo, hata beseni la kuogeshea mtoto. Na kwa kuwa hujui maji yatarudi lini, humwagi. Unachota juu juu kwa kata, na yale ya chini yanakaa yaleyale wiki baada ya wiki.

Mwezi wa Juni alianza babake watoto. Yeye ni mtu wa kurudi kutoka pwani saa za magharibi. Siku hiyo alirudi saa nne asubuhi akasema miguu haimchukui. Kesho yake ikawa binti yetu wa pili. Siku ya nne niliamka nikitaka kushika mwiko, vidole havikukunja. Nilipojaribu kusimama ilikuwa kama nimekanyaga makaa. Nilikwenda chooni kwa magoti, nikiburuta leso yangu sakafuni, na kupitia dirishani nilimsikia jirani, mwanamume mtu mzima, akilia kwa maumivu kama mtoto. Babake watoto alipopata nguvu za kwenda msikitini alikuta nusu ya safu ya kwanza wanaswali wameketi.

Tuliambiwa ni malaria. Tukanywa dawa za malaria, tukamaliza, tukanunua nyingine. Hazikufanya kitu kwa sababu haikuwa malaria. Ilikuwa Julai, damu zilipopimwa maabara na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao, ndipo jina likajulikana: chikungunya. Ni neno la Kimakonde, lilianza kuitwa hivyo kwenye mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, na maana yake ni kujikunja. Aliyeugua anajua jina hilo halikukosea.

Oktoba mwaka huohuo watafiti walipima damu ya wakazi 288 wa kisiwa hiki. Robo tatu yao walikutwa wameambukizwa, na kwa hesabu hiyo ilikadiriwa kwamba watu wapatao 13,500 walipatwa. Kisiwa wakati huo kilikuwa na watu kama elfu kumi na nane. Chukua nyumba nne za mtaa wako, uondoe tatu.

Homa iliondoka baada ya wiki moja, lakini maumivu ya viungo yalibaki. Kwa wasiojua kazi yetu, kofia ya mkono ina vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukaze. Sindano huishiki kwa mkono, unaishika kwa ncha za vidole viwili. Mimi ilikuwa inanidondoka. Kofia iliyokuwa mapajani mwangu mwezi huo wa Juni niliimaliza Februari ya mwaka uliofuata, na mwenyewe alikuwa ameshanunua kwingine. Ninayo hadi leo. Upande mmoja mishono imelala sawasawa kama punje za mchele. Kisha kuna mahali inaanza kuyumba na kupanuka, na ukiutembeza mkono juu yake unaihisi homa ilipoingia. Miezi minane nyumba yangu iliishi kwa mkopo wa dukani.

Wala homa hiyo haikubaki kwetu. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefika Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ikawa Ngazija, huko Komoro, kisha ikavuka hadi kisiwa cha Réunion ambako karibu thuluthi moja ya watu waliugua, na 2006 ikawa India, ambako walioshukiwa kuugua walizidi milioni moja. Mwaka 2025 Réunion ilipigwa tena, na Julai ya mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa dunia nzima, likikumbusha mlipuko wa miaka ishirini nyuma ulioanzia visiwa vya Bahari Hindi. Dunia inatukumbuka, Mhariri. Sisi wenyewe je?

Sasa nije kwenye pipa langu.

Wiki mbili baada ya kuiona karatasi ile, alipita kwangu binti mmoja, mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale waliopewa mikoba ya kazi serikali ilipowatawanya nchi nzima mwaka 2023. Alikuja kumpima presha babake watoto. Alipomaliza nikamwomba anitazamie maji. Nilimwomba huku nikijiamini, kwa sababu pipa langu la buluu nyuma ya jiko lina kifuniko, na maji yake nilikuwa nimeyabadilisha juzi yake.

Aliinama akamulika kwa simu. Hakumulika maji, alimulika ukuta wa pipa, pale juu kidogo ya maji. Akapitisha kidole, akanionyesha: vidoa vyeusi, vidogo kama masizi ya chungu. "Haya ni mayai, mamangu." Mbu huyu hatagi katikati ya maji. Hutaga ukutani mwa chombo, mahali penye unyevu ambapo maji yakipanda yatayafikia. Ukimwaga maji bila kusugua, mayai yanabaki palepale yamegandamana, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakiwa hai. Siku utakayojaza tena yanaangua, na baada ya siku saba hadi kumi una mbu wanaoruka jikoni mwako. Kisha akageuza kile kifuniko nilichokuwa najivunia. Kina bonde katikati, na bondeni mlikuwa na maji ya kujaza kikombe. Viluwiluwi vilikuwa vikijipinda mle, vikipanda na kushuka, vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Nilikaa chini. Miaka yote hii nimekuwa nikimwaga na kujaza, nikidhani nimesafisha.

Tukalisugua pamoja, kwa brashi ya kufulia na sabuni, kuanzia ukingoni hadi chini, na kifuniko pande zote mbili. Nilimuuliza kwa nini hawapiti nyumba kwa nyumba kutazama mapipa miezi hii ambapo bomba limekauka. Alijibu kwa upole, wala simlaumu, "Kazi ya mbu huwa tunatumwa mvua zikianza."

Hapo ndipo penye hoja yangu, na ndiyo iliyonifanya niombe nafasi katika gazeti. Dimbwi la mvua liko njiani na kila mtu analiona. Ukame unaleta maji ndani ya nyumba, unayafunika kwa ubao au kanga, unayaweka wiki nyingi bila kubadilishwa, katika jiko na chooni, tunamoshinda sisi wanawake na watoto. Na mbu wa homa hii, yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, ni mbu wa nyumbani, na huuma mchana. Chandarua tunachopewa kliniki tunakishukuru, kinatukinga na mbu wa malaria usiku. Huyu anatuuma tukiwa tumekaa kwenye mbuzi tunakuna nazi. Hata ile dawa ya kunyunyiza hewani, ikiletwa na ikabebwa kwa mgongo katika vichochoro vyetu visivyopitisha gari, huua mbu anayeruka siku hiyo. Mayai ukutani mwa pipa hayaguswi.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila maabara. Katika nyumba ya bibi yangu, nyumba ya mawe kule Mkomani, choo kilikuwa na birika la chokaa la maji ya kuogea na kutawadhia. Ndani waliishi samaki wadogo, na kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi. Chini kabisa, sakafuni mwa birika, palikuwa pamezikwa bakuli la kaure ndani ya chokaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni pambo. Bibi akanieleza: maji yakipungua, au birika likikaukiwa wakati wa kusafisha, samaki hukusanyika katika lile bakuli na kubaki hai mpaka maji yarudi. Fikiria aliyejenga birika lile alikuwa amekwisha kuiwazia siku ya ukame kabla hajapaka chokaa. Hapo kwenye bakuli palikuwa na maandalizi ya dharura mengi kuliko karatasi nyingi nilizosomewa. Nyumba nyingi sasa zina mapipa ya plastiki na matangi ya saruji, na samaki hawamo. Sidai turudi kwenye chokaa. Lakini tangi la saruji la chooni, lile lisilo la maji ya kunywa, laweza kuwekwa samaki leo jioni, na maafisa wetu wa afya wangetuambia ni samaki gani wanaofaa na wapatikane wapi.

Kuna jambo jingine la mwaka huohuo wa 2004 ambalo hulikumbuka kila nikiwaza habari ya maonyo. Desemba 26 ardhi ilitikisika karibu na Sumatra alfajiri ya saa zetu, na mawimbi ya tsunami yakachukua saa nyingi kuivuka Bahari Hindi. Habari ziliwahi. Watu waliondolewa kwenye fuo za pwani yetu, manahodha wakaambiwa, na nchi nzima ya Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia, jirani zetu wa hapa juu tu, walikufa watu mia tatu hivi. Nakumbuka siku ile mtu akipita barabara ya pwani akipaza sauti kwamba watu watoke majini, na watoto wangu wakakimbia nyumbani na mchanga miguuni. Kwa bahari tulipata onyo kabla, kwa sauti ya mtu, kwa lugha yetu, na tukatii. Kwa homa tulipata jina la ugonjwa baada ya mji mzima kulala kitandani.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti zenye ukame, na Lamu imo. Taarifa ile husema kaunti iko katika hatua gani, ya kawaida, ya tahadhari, au mbaya zaidi. Hutumika kwa malisho na mifugo na chakula. Itumike na kwa afya. Siku ile Lamu inapotajwa kuwa katika tahadhari, wahudumu wa afya ya jamii watumwe nyumbani na tochi, wamulike kuta za mapipa kama binti yule alivyomulika langu. Wasingoje mvua. Wanaogawa maji ya bomba kwa zamu nao watuambie ratiba mapema, kwa sababu mwanamke anayejua maji yatakuja Alhamisi atathubutu kumwaga na kusugua Jumatano. Asiyejua, hatamwaga. Hili nalisisitiza kuliko yote. Huwezi kumwambia mtu amwage maji wakati hajui lini atapata mengine.

Na tangazo liandikwe kwa Kiswahili, liseme "sugua", maana "safisha" kila mtu analielewa anavyotaka. Lisibaki kwenye ubao wa ofisi ambako wanawake wa mtaa hawafiki. Lisomwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa, ndiyo, lakini wanaume wakilisikia huko si kwamba sisi tumelisikia. Lisomwe madrasa, kwa kuwa mtoto ndiye atakayekuja kunisumbua mpaka nisugue. Lisomwe kwenye foleni ya visima, na kwa wenye punda wanaotubebea mitungi, maana wao huingia kila ua. Lifike Matondoni na Kipungani, na lifike Pate na Kizingitini kwenye yale majabia makubwa ya maji ya mvua.

Na liseme la kufanya mtu akishaugua, kwa maana mwaka ule tulijidhuru kwa kutojua. Homa kali ya ghafla na viungo kukaza, mtu apimwe malaria kwanza, asijinywee tu dawa. Apumzike, anywe maji mengi. Kwa maumivu atumie paracetamol. Aspirini na dawa kama ibuprofen aziepuke mpaka ijulikane kwamba si dengue, kwani dengue huletwa na mbu huyuhuyu na dawa hizo zaweza kuzidisha kutoka damu. Na mgonjwa, wiki ile ya kwanza, alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasimnyonye wakawapelekea wengine. Hili la mwisho sikulijua mwaka 2004. Nilimlaza binti yangu barazani apate upepo, na siku chache baadaye nyumba mbili za pande zote za baraza zikawa zimelala.

Kwa wazee, wachanga na wajawazito, homa hii si ya kusubiri nyumbani. Kila mtaa ungekuwa na daftari dogo la kujua nani yuko kitandani, nani amekaribia kujifungua, na ni boti ya nani yenye mashine nzima na mafuta ya kumvusha hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, usiku bahari ikiwa imechafuka na kusi. Sisi hatuna gari la kuita mlangoni. Mgonjwa hutolewa kichochoroni kwa machela, kwa mkokoteni au mgongoni mwa watu hadi gatini. Mwisho wa 2023, na tena masika ya 2024, maji yalipofunika barabara ya kuja huku upande wa Tana River, tuliona jinsi bidhaa zinavyokwama. Dawa pia ni bidhaa. Akiba ya paracetamol na vipimo vya malaria ingewekwa kisiwani kabla barabara haijafunikwa tena.

Pipa langu sasa nalisugua kila Ijumaa asubuhi kabla ya kupika. Majirani zangu watatu wameanza baada ya kuwaonyesha kile kifuniko. Lakini mtaa ni mkubwa, na mbu hana mpaka wa nyumba.

Kila siku baada ya alasiri tunakaa barazani kushona, wanawake kumi na mmoja, wakati mwingine zaidi, kuanzia mama wa miaka sabini hadi wasichana wanaojifunza. Mikono inafanya kazi, masikio yako wazi. Ofisi iliyobandika karatasi ile ituletee nakala ya Kiswahili. Ikikosa mtu wa kutusomea, nitasoma mimi.

Mshona kofia,
Langoni, Lamu